DAKTARI ALIYEULIZA "WAPI?"

Mwaka 1957 mtoto mmoja wa miaka mitano alikuwa amelazwa katika Hospitali ya Mulago, mjini Kampala, Uganda. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yake yalilegea. Madaktari walimwita mwenzao, Denis Burkitt, aje amtazame. Burkitt alikuwa daktari wa kupasua. Lakini ugonjwa huo hakuujua.

Baada ya muda mfupi Burkitt alikwenda katika hospitali ya Jinja. Akiwa ndani alitazama nje kupitia dirishani. Alimwona mama amekaa kwenye majani na mtoto wake. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba vilevile. Burkitt alitoka akampima. Tumboni nako alikuta uvimbe.

Burkitt akajiuliza: je, uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo ni ugonjwa mmoja?

BURKITT ALIKUWA NANI?

Burkitt alizaliwa katika kisiwa cha Ireland mwaka 1911. Alipokuwa mtoto alipoteza jicho moja kwa ajali. Hata hivyo alisoma udaktari. Mwaka 1946 alikuja kufanya kazi Uganda. Alianzia Lira, kisha akahamia Mulago.

Ili kujibu swali lake, alisoma mafaili ya wagonjwa. Mwaka 1958 aliandika habari za watoto 38 wenye ugonjwa huo. Wenzake walichunguza vipande vya uvimbe kwa hadubini, yaani chombo cha kuonea vitu vidogo sana. Waliona kuwa ni saratani moja. Saratani hiyo huanzia katika chembe nyeupe za damu. Chembe hizo ni askari wa mwili. Zikiharibika, huongezeka ovyo na kufanya uvimbe. Leo saratani hiyo inaitwa limfoma ya Burkitt.

SAFARI YA KILOMITA 16,000

Burkitt aliuliza swali jingine: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Alituma barua na picha kwa hospitali nyingi za Afrika. Kisha, Oktoba 1961, alifunga safari na madaktari wawili, Edward Williams na Clifford Nelson. Walikwenda kwa gari kuukuu. Walitoka Kampala, wakapita Tanganyika, wakafika hadi Afrika Kusini. Safari ilichukua wiki kumi. Kila walipofika hospitali waliwaonyesha madaktari picha na kuwauliza: "Mmepata kuona watoto wa namna hii?"

Majibu waliyaandika kwenye ramani. Ramani ikasema jambo la ajabu. Sehemu za joto na mvua nyingi zilikuwa na ugonjwa. Sehemu za milimani zenye baridi, na sehemu kavu, hazikuwa nao, au ulikuwa nadra. Sehemu za ugonjwa zilikuwa zile zile zenye malaria nyingi.

KUMBE KUNA VIRUSI

Mapema mwaka 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alieleza habari za ugonjwa huu mjini London. Mtaalamu mmoja, Michael Epstein, alimsikiliza. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilipelekwa kwake kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, waliona virusi ndani ya chembe hizo. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Watu wengi duniani wana virusi hivyo, na hawapati saratani. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, kinga yake hudhoofika. Hapo virusi hupata nafasi ya kuleta madhara.

DAWA ILIPATIKANA

Kisu hakikuweza kuondoa uvimbe wote. Watoto wengi walikufa baada ya miezi michache. Katika miaka ya 1960 Burkitt alijaribu dawa za saratani. Uvimbe wa watoto wengine ulinywea kwa siku chache tu, na baadhi yao walipona kabisa. Burkitt alifariki mwaka 1993, lakini matibabu kwa dawa yanaendelea hadi leo.

MZAZI AFANYE NINI?

Ndugu msomaji, ugonjwa huu hukua upesi sana. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Ukiona taya ya mtoto imevimba, meno yamelegea kabla ya wakati wake, jicho limetokeza, au tumbo linavimba, usingoje. Usidhani ni jino tu. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akianza dawa, asiziache kwa sababu uvimbe umepungua. Amalize matibabu yote.

Tena, watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa. Kuzuia malaria ni kulinda kinga ya mtoto.

Burkitt aligundua mengi kwa sababu aliuliza. Nawe ukiona uvimbe usioujua, uliza mapema.