ALIYEPATA NAFUU AMSAIDIE MWENZAKE

Ukitaka kuvuka mto usioujua, utamwuliza nani njia? Utamwuliza mtu aliyekwisha kuuvuka. Yeye ajua penye kina na pa kukanyaga. Basi, ugonjwa wa akili ni kama mto huo. Mganga ajua dawa, na mwuguzi ajua kumtunza mgonjwa. Lakini mtu aliyeugua akapata nafuu ajua jambo jingine. Ajua usiku ulivyo mrefu wakati sauti zinaposema kichwani. Ajua na aibu ya kurudi kwao baadaye, watu wakimtazama.

Watu wengi huyadharau maarifa hayo. Mtu akitoka hospitali, huitwa mwenye wazimu hata kama ana nafuu. Hapewi kazi, na neno lake halisikilizwi. Matokeo yake ni nini? Mgonjwa mwingine akiona hivyo huficha ugonjwa wake, au huacha dawa, mpaka jamaa zake wanamfunga nyumbani. Kumdharau aliyepata nafuu kunamwumiza na yule ambaye bado anaugua.

Sikiliza habari za Grégoire Ahongbonon, mtu wa Benin. Alikuwa fundi wa mipira ya magari huko Bouaké, katika Côte d'Ivoire. Mali yake ikapotea, naye akakata tamaa hata akataka kujiua. Baada ya kuinuka tena, aliwaona wagonjwa wa akili wakitangatanga njiani, na wengine wamefungwa minyororo vijijini. Yeye hakuwa mganga, lakini alianza kuwakusanya na kuwatafutia dawa na mahali pa kulala. Katika vituo vyake baadhi ya watumishi wanaowatunza wagonjwa waliletwa huko kwanza wakiwa wagonjwa wenyewe.

Lakini kuugua peke yake hakutoshi. Mtu aliyepona tumbo hajawa mganga wa tumbo. Kazi hii yataka mafundisho. Mwaka 2018 ulianza mpango uitwao UPSIDES, ambao uliwafundisha watu walioishi na ugonjwa wa akili kuwasaidia wenzao, katika Kampala, Dar es Salaam, na miji mingine ya Ulaya na Asia. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafundisho juu ya kazi hiyo.

Msaidizi wa namna hii hujifunza nini?

1. Asikilize kwanza. Habari zake mwenyewe azieleze kwa ufupi, ili zimfae mwenzake, si kwa kujisifu.

2. Asigawe dawa, wala asimwambie mtu aache dawa. Hilo ni shauri la mganga.

3. Atunze siri. Lakini mwenzake akisema anataka kujiua, asinyamaze. Asimwache peke yake, awaite watu wa hospitali upesi.

4. Ajitunze mwenyewe. Alale vya kutosha, afuate dawa zake, awe na mtu wa kumweleza mizigo yake.

Tena kazi hii ni kazi kweli. Aliyefundishwa apewe mshahara, na akae pamoja na wauguzi wanaposhauriana. Si haki kumwita kufagia tu, kisha kumfungia mlango wakati wa shauri.

Na wewe, je, ufanye nini? Kama una jamaa aliyepata nafuu, usimwite kwa jina la ugonjwa wake. Mpe sehemu yake ya kazi shambani. Mwulize, “Ni kitu gani kilichokusaidia?” Kisha nyamaza, usikilize jibu lake.

Nawe uliyeugua, usifikiri miaka ile ilipotea bure. Yuko mtu leo, labda jirani yako, anayedhani hakuna aliyepata kuvuka mto huu. Ukijisikia una nguvu, mwambie mwuguzi wako kwamba unataka kujifunza kazi hii. Mtu yule akikuona umesimama ng'ambo, ataamini kwamba njia iko.