Chanjo ya anayefika kwanza

Mgonjwa wa mpox akitokea Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, hafiki hospitali upande wa pili wa Kindu bila kushikwa na watu. Kuna aliyempa mkono kuingia mtumbwini, motari wa pikipiki aliyempakia, muuguzi aliyempokea, na msafishaji atakayekusanya mashuka yake. Wote huenda wakagusa vidonda au majimaji yake kabla maabara haijasema kitu.

Chanjo ya mpox, MVA-BN, ilianza kutolewa Kongo tarehe 5 Oktoba 2024 huko Goma, wahudumu wa afya wakiwa mstari wa mbele. Ni dozi mbili zinazopishana siku 28, na kinga hukomaa kama wiki mbili baada ya ile ya pili. Jumla ni wiki sita. Virusi navyo kwa kawaida havihitaji zaidi ya siku 21 tangu kuambukiza hadi dalili zitokee. Aliyekwisha kumgusa mgonjwa bado huchanjwa, hasa ndani ya siku nne, ila hapo tunakimbizana na ugonjwa uliokwisha kututangulia.

Kusema kweli, chanjo hii haikubuniwa kwa kuufikiria mkoa wetu wa Maniema. Marekani iliigharamia na kuihifadhi ikihofia ndui, ndugu wa mpox, isije ikatumiwa kama silaha. Chanjo ya zamani ya ndui ilikuwa na virusi vinavyozaliana mwilini, hatari kwa mwenye kinga dhaifu. Hivi vya MVA vilikuzwa katika seli za viinitete vya kuku zaidi ya mara 500, vikapoteza uwezo wa kuzaliana ndani ya binadamu. Hata anayeishi na VVU anaweza kuchanjwa. Mpox ilitambuliwa kwa binadamu mwaka 1970, kwa mtoto wa Basankusu, humu humu Kongo. Wakongo wamesubiri zaidi ya nusu karne.

Tazama mikono ya wauguzi wa zamu moja. Mzee ana kovu la chanjo ya ndui karibu na bega, chanjo iliyompa kinga dhidi ya mpox pia. Kijana hana kitu: ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, na uchanjaji ukakoma.

Wapo wanaotegemea dawa. Jaribio la Tunda, humu humu Maniema, na Kole katika Sankuru lilionyesha mwaka 2024 kwamba dawa ya tekovirimati haikuharakisha kupona kwa vidonda. Hata hivyo, kati ya waliolazwa na kuhudumiwa vizuri walifariki asilimia 1.7 tu, wawe wamepewa dawa au la, ilhali kiwango cha vifo nchini kilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Huduma hiyo ni kazi ya wauguzi, na muuguzi anayeugua haingii zamu.

Ningepewa kuandika orodha ya Kindu, baada ya wauguzi ningeweka wasafishaji, wazikaji wa Msalaba Mwekundu, kisha wamotari wanaoegesha karibu na hospitali na kwenye vivuko. Majina hayo yakusanywe chanjo ikiwa bado imegandishwa, kwa sababu chupa ikishayeyuka haigandishwi tena.