Usichanganye Udongo wa Mashamba Mawili



Siku moja mama mmoja alifika ofisini kwetu na mfuko wa udongo wa kupimwa. Mahindi yake yalidumaa: ya mlimani majani yaligeuka zambarau, ya bondeni yaligeuka manjano. Karo ya mtoto ilingojea mavuno hayo. Tulipomwuliza udongo umetoka wapi, alijibu, "Nusu mlimani, nusu bondeni, nilipe mara moja tu." Fedha yake ingepotea bure, kwani majibu yangekuwa ya shamba lisilokuwako duniani.

Katika Homa Bay na Migori, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, tazama kwanza aina tatu za udongo.

Wa kwanza ni mweusi wa mfinyanzi, kama wa bonde la Lambwe na tambarare za chini za mto Kuja. Kiangazi hupasuka nyufa. Mvua ikinyesha huvimba na kunata kwenye jembe. Una chakula kingi cha mimea, lakini maji husimama na mizizi hukosa hewa. Chimba mifereji. Penye maji ya kutosha, mpunga hustawi.

Wa pili ni mwekundu wenye kina, kama wa Rongo na Awendo. Hupitisha maji vizuri, na miwa na mahindi huupenda. Lakini mvua nyingi huosha chakula chake na kuuacha na uchachu, na ile chuma inayoupa wekundu huishika fosforasi, mimea isiipate. Udongo huu hutaka samadi, mbolea yenye fosforasi, na chokaa vipimo vikionyesha uchachu umezidi.

Wa tatu ni wa mchanga na changarawe, hasa karibu na vilima vya mawe. Hukauka upesi. Mtama, mihogo na karanga huuvumilia. Ukichoka, kayongo hupata nguvu na kunyonya mahindi na mtama. Basi rudisha samadi, panda kunde kwa zamu, na ng'oa kayongo kabla hajatoa mbegu.

Mwaka 1982 ilitolewa ramani ya udongo ya Kenya nzima, sentimita 1 kwa kilomita 10. Ni kazi kubwa, lakini haiwezi kuonyesha shamba lako la eka mbili, ambalo juu laweza kuwa jekundu na chini jeusi.

Kwa hiyo jipimie. Lowesha udongo kidogo, uviringe kama mkia wa panya, kisha uupinde. Ukikataa kushikana ni mchanga. Ukifanya pete bila kupasuka ni mfinyanzi. Kwa kupeleka maabara, chukua udongo mahali kama 15 katika kila shamba, kina cha sentimita 20. Epuka vichuguu na boma la zamani. Changanya katika ndoo safi, utoe nusu kilo, na kila shamba liwe na mfuko wake wenye jina.

Yule mama alirudi na mifuko miwili. Mlimani palihitaji chokaa na fosforasi. Bondeni palihitaji mifereji tu. Kwa mfuko mmoja angalimwaga chokaa kote, na mahindi ya bondeni yangaliendelea kusimama majini.

Kabla hujanunua mbolea msimu huu, shika jembe, uulize udongo wenyewe. Kisha umwone Bwana Shamba wako.