Kodi ya fleti ya Hispania ukiwa ughaibuni: linda saini yako ya kielektroniki

Aliyewahi kufanya kazi Hispania, akanunua fleti Valencia au Málaga, kisha akarudi Mombasa au akahamia London, mara nyingi huamini kwamba akishalipa IBI, yaani kodi ya majengo ya manispaa, amemalizana na dola. Bado. Serikali kuu nayo inamdai kodi ya mapato ya wasio wakazi, hata kama fleti imefungwa na haina mpangaji. Sheria huhesabu kwamba kumiliki nyumba ya matumizi binafsi ni mapato: asilimia 1.1 ya thamani ya kadasta (thamani ya nyumba kwenye rejista ya serikali), ikiwa thamani hiyo ilipitiwa upya katika miaka 10 iliyotangulia, au asilimia 2 ikiwa ni ya zamani zaidi. Thamani yenyewe imeandikwa kwenye stakabadhi ya IBI.

Tuchukue fleti yenye thamani ya kadasta ya yuro 60,000, iliyopitiwa karibuni. Mapato ya kukadiriwa ni yuro 660. Anayeishi nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya hutozwa asilimia 24, kwa hiyo analipa yuro 158.40 kwa mwaka mzima. Kama fleti ni ya mke na mume, kila mmoja anawasilisha ritani yake kwa fungu lake. Fomu inaitwa Modelo 210, na kwa nyumba isiyopangishwa mwisho wa kuiwasilisha ni tarehe 31 Desemba ya mwaka unaofuata.

Hesabu ni nyepesi. Panapowakwamisha watu ni kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe. Bila kitambulisho cha kielektroniki unaweza kujaza fomu, ukaichapisha na kwenda nayo benki ya Hispania, jambo gumu kwa aliye mbali. Ukiwa na cheti cha kidijitali, unawasilisha na kulipa ukiwa nyumbani kwako.

Cheti kinachotumiwa na wengi hutolewa na FNMT, shirika la serikali linalotengeneza pia sarafu za nchi hiyo. Unaanza kwa kusakinisha programu yao ndogo, kisha unajaza namba yako ya NIE (namba ya utambulisho ya wageni), jina la ukoo la kwanza kama lilivyoandikwa kwenye hati ya NIE, na barua pepe. Hapo ndipo linapofanyika jambo ambalo wengi hawaambiwi: kompyuta yako inatengeneza funguo mbili. Wa umma unapelekwa FNMT. Wa siri unabaki ndani ya mashine hiyo. Kwenye barua pepe unatumiwa msimbo, na msimbo huo unaufikisha mwenyewe, pamoja na pasipoti na hati ya NIE, kwenye ofisi ya kodi Hispania au ofisi ya kibalozi ya nchi hiyo inayotoa huduma hii. Omba miadi mapema. Mwezi Desemba si wakati wa kuanza.

Afisa akishakuhakiki, unarudi kwenye kompyuta ileile kupakua cheti. Ikiwa katikati umeifuta na kuisakinisha upya, au uliombea kwenye mashine ya saibakafe, ufunguo wa siri umepotea na msimbo haukusaidii tena. Unaanza mwanzo, na ofisini unarudi tena. Ukishakipata cheti, hifadhi nakala yake yenye neno la siri mahali pengine, nje ya kompyuta hiyo.

Kuna mazoea yanayonitia hofu sana: kumtumia wakala faili la cheti pamoja na neno la siri ili “anisaidie tu”. Faili hilo ni saini yako kamili kisheria. Mwenye nalo anaweza kufungua taarifa zako, kuwasilisha maombi kwa jina lako na kupokea notisi zako kabla hujaziona. Ukihitaji msaada, ingia kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi umsajili wakala kuwa mwakilishi wako, kwa shughuli unazozitaja wewe tu. Atatumia cheti chake, jina lake litaonekana kwenye kumbukumbu, na siku mkiachana unamwondolea idhini bila kugusa cheti chako.

Cheti hudumu miaka 4. Siku 60 kabla ya kuisha unaweza kuomba kukihuisha mtandaoni. Ukikiacha kiishe, itabidi upange miadi nyingine na ufike tena ofisini mwenyewe.