Kiungo Kipo, Faili Halipo

Programu ya Python inauliza os.path.exists kama kuna kitu mahali fulani, inajibiwa False: hakuna. Inajaribu kuunda kiungo hapo hapo kwa os.symlink, inakatizwa na hitilafu ya FileExistsError: kitu kipo. Majibu yote mawili ni ya kweli. Hapo pana kiungo cha ishara kilichokatika, na kila fankshani imejibu swali lake.

Kiungo cha ishara, kilichoenezwa na Unix ya Berkeley katika toleo la 4.2BSD la mwaka 1983, ni faili dogo lililobeba maandishi tu: njia ya kwendea kwingine. Mfumo haukagui kama mwisho wa njia hiyo kuna chochote. Faili likifutwa, kiungo hubaki kikielekeza patupu.

Kwa hiyo kila fankshani ina uamuzi wake, kukifuata kiungo au kuishia hapo. os.stat hufuata na kutoa ukubwa wa faili la mwisho, os.lstat huishia kwenye kiungo chenyewe, na katika Linux ukubwa inaotoa ni urefu wa ile njia iliyoandikwa ndani. os.path.exists hufuata, os.path.lexists haifuati. os.remove hufuta kiungo na kuliacha faili salama, afadhali. Ila shutil.copytree, usipoipa symlinks=True, hunakili yote yaliyo ng'ambo ya kila kiungo, na nakala ya folda ndogo yaweza kujaza diski.

Panapowatesa wengi ni kwenye njia isiyoanzia mzizi wa diski. Ukiwa katika folda ya mradi, andika os.symlink("data/bei.csv", "ripoti/bei.csv"). Inaonekana sawa kabisa. Lakini Python huyahifadhi maneno yale kama yalivyo, na mfumo huyasoma kuanzia folda kilimo kiungo, si folda uliyosimama wewe. Kitakachotafutwa ni ripoti/data/bei.csv. Ulipaswa kuandika "../data/bei.csv". Mimi hupendelea pathlib: katika Path("ripoti/bei.csv").symlink_to(...) walau huchanganyi kipi ni kiungo na kipi ni lengo.

Hatari kubwa zaidi ni kukagua kwanza, kutenda baadaye. Januari 2022 lugha ya Rust ilitoa toleo 1.58.1 kuziba pengo katika std::fs::remove_dir_all. Fankshani hiyo ilihakikisha kwamba imepewa folda, si kiungo, ndipo ikaingia kufuta. Katikati ya hatua hizo mshambuliaji aliweza kuiondoa folda na kuweka kiungo, na programu yenye mamlaka makubwa ikamfutia mafaili asiyoruhusiwa kuyagusa.

Mwanya wa namna hiyo hutokea hata bila adui. Seva nyingi zina kiungo, tuseme "sasa", kinachoelekeza kwenye toleo jipya la tovuti. Ukikifuta kabla ya kuunda kingine, kuna nukta ambayo wasomaji hawapati kitu. Unda kipya kwa jina la muda katika folda ileile, kisha os.replace("sasa.mpya", "sasa"): katika Linux mabadilishano hayo hufanyika kwa mkupuo mmoja.