Mbu wa Pwani wanafanana, lakini si mmoja

Jioni moja nilikuwa barazani na mama jirani alipoanza kulalamika. "Mwanangu, sisi twalala ndani ya neti kila siku. Mbona wajukuu zangu bado washikwa na malaria?"

Swali lake ni la haki, na sehemu ya jibu imejificha ndani ya mwili wa mbu.

Wengi wetu tukisema "mbu wa malaria" tunafikiria mdudu mmoja. Ukweli ni kwamba hapa Pwani tuna mbu kadhaa wanaofanana kama pacha. Hata viluwiluwi wao, wanaoishi majini kabla ya kuota mabawa, hufanana. Chota wengine kwenye dimbwi la mvua na wengine kwenye maji ya chumvi kando ya mikoko, uwaweke chini ya hadubini. Hata mtaalamu hatawatofautisha kwa uhakika.

Kwa muda mrefu wote waliitwa Anopheles gambiae. Katika miaka ya 1950 na 1960 wanasayansi waliwazalisha pamoja maabarani, wakaona madume waliozaliwa ni tasa. Wakajua kuwa hizo ni spishi tofauti.

Watatu kati yao wapo Pwani. Gambiae mwenyewe hupenda damu ya binadamu na huuma usiku ndani ya nyumba. Anopheles arabiensis huuma watu na ng'ombe, na mara nyingi huuma nje. Anopheles merus huzaana kwenye maji ya chumvi.

Sasa tutawatambuaje? Kwa DNA. Mwaka 2003, Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada alipendekeza wanyama watambuliwe kwa kipande kifupi cha DNA, chenye herufi 650 hivi, jinsi mashine ya dukani inavyotambua pakiti ya unga kwa ile mistari myeusi. Mguu mmoja wa mbu unatosha. Maabara hutoa DNA, hunakili kipande hicho mara nyingi sana, husoma herufi zake, kisha huzilinganisha na za spishi zinazojulikana.

Lakini mbu hawa wana ujanja wao. Madume chotara ni tasa, ila majike huzaa, na kwa njia hiyo gambiae na arabiensis wamebadilishana jeni. Kipande cha kawaida hakiwatenganishi vizuri. Ndiyo maana hutumiwa kipande kingine, kwa njia iliyochapishwa mwaka 1993. Kikinakiliwa, cha gambiae huwa na urefu wa herufi 390, cha arabiensis 315, na cha merus 466. Hapo ubishi huisha.

Haya yanamhusu vipi mama jirani? Watafiti waliolinganisha mbu wa Pwani kwa kipindi cha miaka 20 waligundua kwamba neti zilipoenea, sehemu ya gambiae ilipungua na ya arabiensis ikaongezeka. Neti humzuia anayeingia chumbani usiku. Anayekuuma barazani saa moja jioni hana habari nayo.

Tena kuna mgeni. Anopheles stephensi, mbu mwenye asili ya Asia, alipatikana Marsabit mwishoni mwa 2022, na DNA ndiyo iliyothibitisha kuwa ni yeye. Huyu huzaana hata kwenye matangi na mapipa ya maji mijini. Sisi wa Mombasa, ambao maji ya mfereji hatuyategemei na nyumba nyingi zina tangi, tuna sababu ya kuwa macho.

Maoni yangu ni haya: kaunti zetu zisiishie kugawa neti. Kila msimu wa mvua mbu wapelekwe maabara, na matokeo yasomwe kwenye baraza la chifu, yasifungiwe kabatini. Kijiji chenye arabiensis kinahitaji madimbwi yafukiwe. Mji utakaopata stephensi utahitaji matangi yafunikwe. Huwezi kupigana na adui usiyemjua jina.

Mama nilimsihi asiache neti, kwani bado yawaokoa wajukuu zake. Kisha tukachukua jembe, tukaenda kulifukia dimbwi lililo nyuma ya zizi la ng'ombe wake.