Majazi na Jina Lenye Doa: Mtoto wa Kitabuni na Mtoto wa Darasani

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kukutana na jibu kama hili katika karatasi ya fasihi: "Mwandishi ametumia majazi. Amani ni mtu anayependa amani." Jibu hili si la uongo, ila ni nusu ya jibu. Mtahiniwa amelifasiri jina, hajalihakiki.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba jina hubeba mizigo miwili. Wa kwanza ni maana ya neno lenyewe. Wa pili ni sifa iliyoachwa na mtu aliyewahi kuitwa jina hilo. Ili mizigo hii ionekane waziwazi, tutatoka kitabuni kwa muda tuangalie jambo linalowakabili wazazi: kumpa mtoto mchanga jina ambalo umma umekwisha kulihusisha na maovu. Kisha tutarudi kwenye riwaya na tamthilia.

Istilahi tatu zisizopaswa kuchanganywa

(a) Majazi: Hili ni jina la mhusika au la mahali linaloafikiana na tabia, hali au matendo yanayosimuliwa. Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, mtawala anaitwa Majoka na jimbo lake ni Sagamoyo. Majoka ni nyoka wakubwa, naye anawauma raia wake. Sagamoyo ni mahali ambapo mioyo ya watu inasagwa.

(b) Lakabu: Hili ni jina la kupanga ambalo mtu hupewa na wenzake, au hujipa mwenyewe, kutokana na sifa fulani. Lakabu huja baada ya mtu kujulikana.

(c) Jina la kurejelea: Hili ni jina linalomkumbusha msomaji mtu mwingine aliye nje ya kazi hiyo, awe wa historia, wa dini au wa masimulizi. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege tunakutana na Sara na Yona. Sara wa Biblia alisubiri mtoto kwa miaka mingi. Sara wa tamthilia naye alikawia kupata watoto, akasemwa na jamii. Yona wa Biblia aliukimbia wajibu aliopewa. Yona wa tamthilia anaukimbia wake kwa kuingia katika ulevi. Mtahiniwa atakayetafuta maana ya neno "Yona" katika Kiebrania ataambiwa ni njiwa, na njiwa huyo hatamsaidia kitu. Kinachofanya kazi hapa ni sifa ya mtu aliyetangulia kuitwa jina hilo.

Maana mbaya si sifa mbaya

Sisi tunaofundisha hapa Sio Port, katika Kaunti ya Busia, tuna rejista za darasa zinazotosha kuwa kitabu cha mifano. Mji uko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Nabwire na Bwire ni waliozaliwa usiku. Nafula na Wafula walizaliwa wakati wa mvua. Nanjala na Wanjala walizaliwa wakati wa njaa. Hakuna anayemcheka Wanjala kwa kumwona mwenye njaa, wala hatarajiwi kuleta ukame. Jina lake ni kumbukumbu ya majira.

Majirani zetu Wajaluo wana Owiti na Awiti, majina yenye dhana ya kutupwa. Kwa desturi, hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufariki, ili mauti yamwone kuwa hana thamani na kumpita. Neno ni baya, lakini lililosababisha litamkwe ni mapenzi ya mzazi aliyechoka kuzika. Waswahili nao wana Tabu, Shida na Mashaka, majina yanayobeba historia ya mzazi kuliko tabia ya mtoto.

Sasa geuza upande wa pili. Katika Kiacholi na Kijaluo, neno "kony" lina maana ya kusaidia. Ni neno zuri. Hata hivyo, tangu Joseph Kony aongoze waasi waliowateka watoto na kuwaua raia kaskazini mwa Uganda, na hasa baada ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kutoa hati ya kumkamata mwaka wa 2005, wengi wanaolisikia jina hilo hawawazi msaada. Kwa hivyo, Owiti ana maana mbaya na sifa njema. Kony ana maana nzuri na sifa mbaya. Mhakiki asiyetenganisha mambo haya mawili atapotoka.

Kichujio cha wazee

Mila za huku kwetu humpa mtoto jina la jamaa aliyefariki. Lakini si kila marehemu anayerudishwa. Aliyejitia kitanzi, aliyejulikana kwa uchawi au mwizi sugu, jina lake huachwa lipumzike. Tazama hekima iliyomo: jina linaazimwa kwa mtu ambaye hadithi yake imekwisha. Wazee wanaujua mwanzo wake, kati yake na mwisho wake, ndipo wanapoamua.

Mzazi anayempa mtoto jina la mtu mashuhuri aliye hai anafanya kinyume. Anaazima jina kutoka kwenye hadithi ambayo haijafika mwisho. Mwezi wa Novemba 2008, Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani, watoto waliozaliwa hospitalini Kisumu walipewa majina ya Barack na Michelle. Mwaka wa 2012 mama mmoja wa Siaya aliwaita mapacha wake Barack na Mitt, kwa kuwa Obama alikuwa ameshindana na Mitt Romney. Pacha mmoja akachukua jina la mshindi, mwenzake la mshinde. Hapo hakuna dhara. Lakini si kila hadithi humalizika kwa upole namna hiyo.

Idi, Amin na Idi Amin

Tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipompindua Milton Obote, watu walimiminika katika barabara za Kampala wakishangilia. Mzazi aliyempa mwanawe jina la Amin wiki hiyo alikuwa akifurahi pamoja na umati. Mwaka wa 1972 Amin aliwafukuza Waasia. Februari 1976 alidai kwamba sehemu za magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, kwa kuwa zilikuwa katika mkoa wa mashariki wa Uganda kabla ya Waingereza kuhamisha mpaka mwaka wa 1902. Sisi wa Busia tumo katika ardhi hiyo. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala, naye akatoroka, nyuma yake makaburi kwa maelfu. Alifia Jeddah mwaka wa 2003. Mtoto wa 1971 alikuwa na miaka 8 tu jina lake lilipogeuka kuwa kitisho, naye hakuwa amemkosea mtu.

Hapa pana funzo la lugha. Idi ni sikukuu ya Waislamu, na katika Uswahilini watu wameitwa hivyo tangu zamani. Amin ni mwaminifu. Kila jina likisimama peke yake ni safi. Yakiungana, hayasomwi tena kama maneno. Yanamwonyesha mtu mmoja. Kwa desturi yetu ya kuandika jina la mtoto kisha la baba, Idi akizaliwa na Bwana Amin atakuwa Idi Amin katika cheti, hata kama hakuna aliyekusudia.

Usama nalo ni jina la kale, maana yake simba, na aliitwa hivyo sahaba wa Mtume, Usama bin Zayd. Baada ya shambulio la tarehe 7 Agosti 1998 lililoua watu 213 jijini Nairobi, na yale ya Marekani ya Septemba 2001, jina hilo likaanza kusikika kwa namna nyingine.

Tukienda mbali zaidi, mwaka wa 2020 nchini Namibia, iliyotawaliwa na Wajerumani hadi 1915, mwanasiasa aitwaye Adolf Hitler Uunona alichaguliwa diwani kwa asilimia 85 ya kura. Alieleza kwamba huenda baba yake hakuelewa jina hilo lilimaanisha nini. Wapiga kura walimpima kwa kazi yake. Mtu huyu angekuwa mhusika wa riwaya, tungeita hali hiyo kinaya: jina linatuandaa kumwona dhalimu, matendo yanatupa jirani wa kawaida.

Tofauti ya mwandishi na mzazi

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mwandishi humpa mhusika jina akijua mwisho wake. Mzazi humpa mtoto jina bila kujua lolote. Kwa sababu hiyo, majazi ni mbinu ya kitabuni. Kumhukumu mtu hai kwa jina lake ni dhuluma.

Chukua Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 2012. Kitoto kinachotupwa mlangoni pa Amani kinaitwa Uhuru. Amani na Imani wanakilea katika ufukara, na hatimaye kinafariki kwa kukosa huduma. Mtahiniwa anayeandika "Uhuru maana yake ni kuwa huru" ameachwa njiani. Mwandishi alilichagua jina akijua kwamba kitoto kitakufa. Kifo hicho ndicho kinacholipa jina uzito. Uhuru wa Tomoko umezaliwa, ukatelekezwa na aliyeuzaa, ukafia mikononi mwa maskini. Kumbuka pia kwamba baba wa kitoto hicho ni Mtemi Nasaba Bora, ambaye nasaba yake haina ubora wowote: ananyakua ardhi ya watu na kuikana damu yake mwenyewe. Jina lake ni majazi ya kinaya.

Lakini uwe na tahadhari. Rais wa nne wa Kenya, aliyezaliwa mwaka wa 1961 nchi ikikaribia uhuru, naye anaitwa Uhuru, na riwaya hii ilisomwa shuleni akiwa madarakani. Je, kitoto cha riwaya kinamrejelea yeye? Hakuna kinachothibitisha hivyo katika matini. Jina la kurejelea lazima litetewe na matukio ya kitabu chenyewe, la sivyo ni uvumi wa mtahiniwa.

Mwalimu na mtoto aliye mbele yake

Unapofundisha majazi, huenda darasani yumo Idi, Usama au Saddam. Ukisema "jina hueleza tabia" ukaishia hapo, umewapa wenzake ruhusa ya kumtania hadi amalize shule. Napendekeza yafuatayo:

(i) Sema wazi kwamba majazi ni uamuzi wa mwandishi, wala si sheria ya maisha.

(ii) Tumia mifano ya vitabuni kwanza. Usimwombe mwanafunzi aeleze jina lake mbele ya darasa ila apende mwenyewe.

(iii) Jina lenye doa likitajwa, anza na asili yake kabla ya mtu aliyelichafua. Usama wa kwanza alikuwa sahaba, si gaidi.

Mzazi anapokuja kuomba ushauri

Vijijini, mwalimu wa Kiswahili huulizwa mambo ya majina. Mzazi akikujia, mwambie alitamke jina lote kwa sauti, la mtoto pamoja na la baba, kama litakavyoitwa siku ya mtihani. Aidha, ajiulize kama mwenye jina amekwisha kumaliza hadithi yake au bado yumo njiani. Vilevile, atofautishe neno baya na sifa mbaya: Wanjala asiogopwe. Ikiwa jina limekwisha kusajiliwa, Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inamruhusu mzazi kulibadilisha katika muda wa miaka 2 tangu usajili. Baada ya hapo kuna njia ya hati ya kubadilisha jina inayotangazwa katika Gazeti Rasmi, nayo ni ndefu zaidi. Si lazima abadilishe. Jina jema hung'ara gizani, na wapo walioling'arisha jina lililokuwa gizani.

Namna ya kujibu swali la majazi

Jibu kamili lina hatua tatu: taja jina na maana au sifa yake, toa tukio kitabuni, kisha onyesha kama tukio linaafiki jina au linalipinga. Mfano: "Jina Nasaba Bora linaashiria ukoo mwema. Hata hivyo, mtemi huyu ananyakua mashamba na kukikana kitoto alichokizaa. Matendo yake yanapinga jina, hivyo mwandishi analitumia kwa kinaya kuwakejeli viongozi wanaojivunia asili yao."

Maswali ya marudio

1. Tofautisha majazi, lakabu na jina la kurejelea kwa kutoa mfano mmoja mmoja kutoka kwa kazi uliyosoma.

2. "Kifo cha kitoto Uhuru ndicho kinacholipa jina lake maana." Jadili kwa kurejelea Kidagaa Kimemwozea.

3. Chagua mhusika mmoja ambaye jina lake linapingana na matendo yake. Eleza mwandishi anafaidi nini kwa upinzani huo.

4. Orodhesha majina matano ya kwenu yenye maana mbaya lakini sifa njema. Yanaeleza nini kuhusu wazazi walioyatoa?